Mzee Yaani na Maneno Aliyomwandikia Wakala

Ijumaa hii, tarehe thelathini, mwenzetu wa kitengo cha maelezo anastaafu baada ya kuitumikia benki yetu ya damu kwa miaka thelathini na mmoja. Jina lake kamili limo kwenye barua ya utumishi, lakini ukiliita kwenye korido hakuna atakayegeuka, pengine hata mwenyewe. Sisi tunamjua kama Mzee Yaani.

Jina hilo alilipata kwa haki. Mpelekee karatasi yoyote, ataisoma taratibu, atavua miwani, kisha atakutazama na kuuliza, "Yaani?" Hapo ujue umekwisha. Mwaka fulani fundi bomba alibandika kwenye mlango wa choo cha ghorofa ya kwanza kikaratasi kilichosema "Choo kimefungwa." Mzee alikibandua akamfuata karakana. "Kimefungwa, yaani kimeharibika, au kimefungwa na ufunguo uko kwa mlinzi? Mpaka lini? Na mtu aliyebanwa aende wapi?" Fundi alikuja juu, akasema yeye alisomea mabomba, hakusomea sarufi. Lakini baada ya chakula cha mchana mlangoni palikuwa na kikaratasi kipya: "Choo kimeharibika. Kitatengenezwa kesho. Tumia cha ghorofa ya pili, kushoto kwa ngazi." Siku hizi fundi huyo huyo hubandika matangazo marefu kuliko hati ya mahakama, na hakuna anayethubutu kumwambia apunguze.

Mzee alianza kazi akiwa kijana, akipiga chapa lebo za mifuko ya damu. Baadaye alikabidhiwa miongozo ya mashine. Manesi wa siku nyingi wanazikumbuka karatasi zake zilizokuwa zimebandikwa ukutani kando ya kila friji na kila mashine ya kupimia. Enzi hizo wasomaji wake walikuwa na miguu. Nesi angeweza kupanda ngazi na kumwambia, "Hapa kwenye mstari wa tatu umenipoteza," naye angefurahi kama aliyeletewa zawadi. Alimvutia kiti, wakaurekebisha mstari huo pamoja, na nesi akaondoka amechelewa zamu yake.

Chumba cha maelezo kilikuwa na meza tano. Mwenzake mmoja alihamia kampuni binafsi, mwingine alimfuata mumewe mji mwingine, wawili wakaruhusiwa kufanyia kazi nyumbani na hawakurudi tena. Mimi ninayeandika haya ni mtengeneza programu. Nilipewa meza moja humo, iliyopakana na yake, na ndiyo maana ananiita Jirani, ingawa nusu ya wiki mimi hushinda chumba cha mitambo. Kila Jumatatu asubuhi nikiingia humkuta ameshika kitambaa chenye maji. Alikuwa akipangusa vumbi meza zote tano, hata zile ambazo hazina mtu. Siku moja nilimuuliza anamfutia nani. "Anaweza akaja mtu," alisema, akaendelea kupangusa.

Miaka michache iliyopita ndipo alipoletwa wakala. Kwa wageni waliohudhuria leo, wakala ni programu yenye akili mnemba inayopokea maombi ya hospitali. Hospitali huandika inachotaka kwa maneno ya kawaida, na wakala husoma, kisha huamua mwenyewe atumie zana gani: ya kuangalia akiba, ya kumtengea mgonjwa damu, ya kuita gari, na kadhalika. Zana tunazitengeneza sisi watu wa programu. Lakini wakala hana macho ya kuiona friji wala hajui mlango wa chumba cha baridi uko upande gani. Anachokijua kuhusu zana ni yale maneno machache aliyoandikiwa: hii inafanya nini, itumiwe lini, isitumiwe lini. Kazi ya kuandika maneno hayo alipewa Mzee Yaani, kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyebaki.

Ilikuwa kazi ya upweke, lazima tuseme ukweli. Nesi huona jibu, dereva huona anwani, daktari huona damu imefika. Hakuna hata mmoja kati yao anayeona sentensi za Mzee. Niliwahi kumuuliza kama haimuudhi kuandika kitu ambacho hakuna binadamu atakayekisoma.

"Afadhali huyu, Jirani," alisema. "Huyu anasoma mpaka mwisho."

Nilicheka. Yeye hakucheka sana.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Waliishi wawili tu, hawakujaliwa mtoto. Mashati yote tuliyomwona nayo alishonewa na huyo mama, na kama kola ilikuwa imekaa upande Mzee aliivaa vivyo hivyo, kwa fahari. Mama aliugua muda mfupi akafariki. Tulikwenda mazishini kwa basi la ofisi, tukarudi kwa basi la ofisi. Wiki iliyofuata Mzee alikuwa mezani kwake. Kila aliyepita alisimama mlangoni akasema, "Pole sana, mzee," naye akajibu, "Nimeshapoa," na anayepita akapita. Mchana alikula hapo hapo mezani, mkate na chai, akiwa ameuelekea ukuta.

Ni katika majuma hayo zana kadhaa mpya zililetwa kwake zikisubiri maelezo. Moja ilikuwa ya kumtengea mgonjwa mifuko ya damu. Sisi watu wa programu tulikuwa tumeipa jina la pata_damu, naye akaandika chini yake sentensi moja: "Hupata damu ya kundi lililotajwa." Mzee Yaani, mtu aliyembana fundi bomba kwa neno "kimefungwa," aliandika "hupata," akaenda kwenye zana nyingine. Kanuni ilitaka msomaji wa pili. Msomaji wa pili alikuwa mmoja wa wale walioondoka.

Kwa muda hakuna aliyeona tatizo. Kisha Jumatano moja, karibu na adhuhuri, simu ya ofisini kwetu ililia. Alikuwa mkunga wa hospitali ya upande wa pili wa mji. Alikuwa anapumua kama aliyekimbia.

"Huyo wakala wenu ananiambia hakuna damu! Nina mama hapa amejifungua, anavuja, na kundi lake ni lile la nadra. Jana nimeuliza, mkasema ipo. Imeenda wapi?"

Nilifungua kompyuta. Kweli, kila mfuko wa kundi hilo ulionyesha umetengwa. Nikamwambia mkunga asubiri. Mzee alikuwa amekwisha kusimama. Hakuuliza kitu. Alishuka ngazi mbili mbili, umri ule, mimi nyuma yake, mpaka chumba cha baridi, ambako mtunza friji alikuwa amekaa kwenye stuli yake akiwa na koti la sufu.

"Mifuko ya kundi hili ipo?" Mzee aliuliza, akimwonyesha alichoandika kiganjani.

"Imejaa rafu nzima, mzee. Nashangaa hata mimi. Imewekewa watu, lakini hakuna anayekuja kuichukua."

Mzee aliweka mkono kwenye mlango wa friji, akainamisha kichwa kidogo. Nilidhani kizunguzungu. Kumbe alikuwa ameshaelewa. Hospitali zilikuwa zikiuliza swali tu, kama damu ya kundi fulani inapatikana. Wakala akatafuta zana ya kupata damu, akaiona, akaitumia. Kila swali lilitenga mifuko. Watu waliouliza walishukuru kwa jibu wakaendelea na shughuli zao, bila kujua kwamba wameacha damu imefungiwa kwa majina ya wagonjwa wasiokuwepo.

"Toa minne," alimwambia mtunza friji. "Mimi ndiye nitakayejibu."

Dereva aliondoka na king'ora. Sisi tulibaki kwenye simu na mkunga, ambaye mara aliongea nasi, mara akaongea na watu wa kule. Mzee alisimama wakati wote, ameshika kingo za meza. Hatimaye mkunga alisema, "Imefika, tunamwekea," akakata. Hapo ndipo Mzee alipokaa.

Yule mama alipona. Alilazwa siku nyingi katika wodi ya wagonjwa mahututi, lakini alipona, na mtoto wake hakuwa na tatizo lolote. Tunaliandika hili mapema ili asiwepo atakayesoma yaliyobaki kwa roho mkononi.

Kesho yake kiliitishwa kikao. Mkuu wetu wa wakati ule, mtu mwema aliyetaka jambo liishe kwa amani, alikuwa amekwisha kuandaa taarifa ya mistari miwili: kompyuta ilikosea na imerekebishwa. Alituuliza kama kuna mwenye la kuongeza.

"Haikukosea," alisema Mzee.

"Mzee, tuliache hivi. Hakuna anayetaka kumtafuta mchawi hapa."

"Simtafuti, namjua. Niliandika kwamba zana hii hupata damu. Aliulizwa kama damu inapatikana, akaipata. Angefanyaje tena? Hana wa kumuuliza. Ningekuwa mimi, nipo peke yangu gizani na sentensi moja mkononi, ningefanya vile vile."

Nadhani wengi wetu tulisikia kwamba hakuwa anamzungumzia wakala peke yake, lakini hakuna aliyejua pa kuanzia, na mkuu akahamia ajenda iliyofuata.

Siku hiyo jioni alimwomba dereva ampeleke hospitalini. Yaliyotokea huko tuliyapata kwa dereva, maana Mzee mwenyewe hakuwahi kuyasema. Wodini alimkuta mama mzazi wa mgonjwa, amekaa kwenye benchi la mbao na furushi la nguo chafu miguuni. Mzee alimwamkia.

"Wewe ni nani wake?" mama yule aliuliza.

"Si ndugu, mama. Mimi ni wa benki ya damu. Damu ilikuwepo. Ilichelewa kwa sababu yangu, kwa neno nililoliandika vibaya."

Mama alimtazama kwa muda. Dereva anasema yeye mwenyewe alianza kurudi nyuma.

"Umekuja peke yako? Wenzako wako wapi?"

"Sikuwaambia."

"Sasa unataka nini? Nikusamehe?"

"Hapana. Nimetaka mjue kilichotokea, ili msije mkaambiwa ni mashine."

Mama hakusema amesamehe, wala hakumfukuza. Alimwambia, "Kaa basi, usinisimamie kama askari." Mzee akakaa. Baada ya kitambo mama alimuuliza kama ana haraka. Akasema hana, nyumbani hakuna anayemngoja. Basi mama akamwomba amkalie mgonjwa kidogo, kwa kuwa tangu jana hakupata wa kumpokea, na nguo hizi zinanuka na mwili umechoka. Akachukua furushi lake, akaenda. Mzee alikaa pale karibu na kitanda cha mtu asiyemjua, akiangalia damu inavyodondoka kwenye mrija tone kwa tone, mpaka mama aliporudi ameoga na amebadilisha kitenge. Alirudi tena kesho yake, na siku zilizofuata, kila baada ya kazi, hadi mgonjwa alipohamishiwa wodi ya kawaida na shangazi zake wakafika kutoka mbali. Siku walipofika hao shangazi, aliaga akaondoka. Benchi lilikuwa limejaa.

Ofisini aliomba maelezo yote ya zana, mapya na ya zamani, akayaandika upya moja baada ya jingine. Ile zana moja tuliigawa zikawa mbili, na ninayanakili hapa maneno yake kwa sababu hajawahi kuyasoma mtu nje ya chumba chetu:

"angalia_akiba: Hueleza ni mifuko mingapi ya kundi fulani iliyopo kwenye friji na bado haijatengewa mtu. Haibadilishi chochote. Itumie hospitali inapouliza tu kama damu ipo."

"tenga_damu: Humwekea mgonjwa mmoja mifuko aliyoombewa, na baada ya hapo mwingine hawezi kupewa. Itumie pale tu hospitali imesema inaitaka na imemtaja mgonjwa. Usiitumie kujibu swali. Kama huna hakika wameuliza au wameomba, waulize kwanza."

Ukiyasoma unaona ni maneno ya kawaida kabisa. Kuyafikia hayo ya kawaida kulimchukua siku kadhaa. Alikuwa akibeba karatasi akashuka nayo mapokezi, akamsomea dada wa mapokezi, akamuuliza, "Ukisikia hivi, wewe ungefanya nini?" Kisha mlinzi, kisha mtunza friji. Jibu la mmoja likipotoka hakubishana naye. Alirudi juu akabadilisha sentensi. Asubuhi alisoma kumbukumbu za yale wakala aliyoyafanya siku iliyopita, na kila alipoona zana imetumiwa mahali pasipo pake, aliyatazama kwanza maneno yake mwenyewe.

Alifuta "ipasavyo" kila mahali. "Ipasavyo ni nani?" alikuwa akiuliza. Alifuta "inapohitajika" na "mbalimbali." Zana sita zilizofanana kama watoto pacha alitulazimisha tuziunganishe zikawa mbili, akisema kama sisi tulioziumba tunazichanganya, huyo mgeni afanyeje. Hata majibu ya makosa hakuyaacha. Zamani zana ikikwama ilisema "Hitilafu imetokea," basi. Sasa inasema, "Kundi la damu halikutajwa. Muulize aliyeomba, kisha ujaribu tena." Nilimtania kwamba anamlea wakala kama mtoto wa kufikia. Alisema mtoto wa kufikia ana bahati, maana anaweza kuuliza.

Tangu hapo hakuna hospitali iliyoambiwa damu hakuna wakati ipo. Matawi mengine yalichukua maelezo yake na kuyatumia, na vijana wa programu wanaoanza kazi hufundishwa kwa mifano yake. Mwaka juzi uongozi ulimpa cheti "kwa michango yake mbalimbali." Alikipokea kwa mikono miwili, akakisoma, akavua miwani. Ukumbi mzima ulishaanza kucheka kabla hajafungua mdomo, na nafikiri ndiyo siku pekee katika miaka hii niliyomwona anacheka mpaka akafuta machozi.

Lakini mimi siwezi kumaliza kwa cheti. Jumatano hii ilikuwa siku yake ya mwisho mezani, kwa sababu alikuwa na likizo ya kumalizia. Aliniachia mafaili yake yote yamepangwa, akanionyesha maelezo matatu ambayo bado hayamridhishi, akaeleza kwa nini. Vitu vyake vilienea kwenye mfuko mmoja. Tulishuka pamoja. Alimuaga mlinzi, akamuaga dada wa mapokezi, akaenda mpaka chumba cha baridi kumuaga mtunza friji. Tulipotoka getini alisimama, akauhamishia mfuko mkono wa pili.

"Jirani, unajua kitu cha ajabu? Siku nilipoajiriwa nilikimbia njia nzima kwenda kumwambia mke wangu. Alikuwa anapiga pasi nguo ya mtu, akaiacha ikaungua, kwa furaha. Leo najiuliza nikifika nyumbani nitamwambia nani."

Nilitaka kumwambia mambo ya kawaida, kwamba atapumzika, kwamba tutakuja kumtembelea. Tumeshawaahidi wastaafu wengi hivyo, na tunajua tulikwenda kwa wangapi. Nikamwambia, "Niambie mimi."

Alinitazama aone kama namtania. Kisha akaweka mfuko chini, akaikunjua kola ya shati lake, akasimama wima.

"Nimestaafu," alisema. "Nimemaliza salama."

"Hongera, baba," nilimwambia. "Karibu nyumbani. Kazi ilikuwaje?"

Akaniambia. Watu walitupita pale getini wakienda zao, jua likateremka nyuma ya ghala, naye akaeleza tangu mwanzo, lebo ya kwanza aliyoipiga chapa, manesi, wenzake wa zile meza nne kwa majina yao mmoja mmoja. Alimtaja yule mama mzazi wa wodini na akasema laiti angejua mjukuu wake anaendeleaje. Mimi sikumkatiza. Alipomaliza alichukua mfuko wake, akaniuliza kama sijachelewa kwa wanangu, akaenda kituoni.

Mzee wetu, kwa niaba ya wenzako wote wa ghorofa ya pili, wa maabara, wa magari na wa chumba cha baridi, tunasema asante. Wapo wazima huko mitaani waliopata damu kwa wakati na hawatajua kwamba kuna mtu alikaa akachagua neno moja akaliacha lingine. Sisi tunajua. Tunakuombea afya, usingizi mzuri, na nyumba yenye sauti za watu. Na kwa kuwa ahadi za siku kama ya leo huwa hazina tarehe, hii nimeiwekea: Jumapili hii, saa saba mchana, kwangu, nyumba ya bati la bluu nyuma ya kituo cha mafuta. Mume wangu anakujua kwa habari tu. Kiti chako kipo, na wanangu wameshaambiwa babu anakuja.